Njiwa, hua, tetere: huyu ndege mbona kabebeshwa mizigo mingi hivi?

MkonoWaWino aliandika:

Wakuu, salaam. Mimi ni mchoraji. Nimepewa kazi ya kuchora nembo ya chama cha watu wanaosuluhisha ugomvi wa kifamilia na wa majirani, na maelekezo yalikuwa mstari mmoja tu: "njiwa mweupe, ana jani mdomoni." Nikasema hii kazi ya jioni moja. Nikachora, nikapeleka, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata kamati ya wasuluhishi inaweza kugombana kwa ajili ya ndege.

Katibu anasema nilichochora ni njiwa wa kawaida wa juu ya paa. Eti wa amani ni hua, ndege mwingine kabisa, mwembamba, na Biblia imeandika hua. Mweka hazina anasema njiwa ni ndege wa mapenzi, akikaa peke yake anaonekana mjane, kwa hiyo niweke wawili wanaotazamana. Mwenyekiti, mzee mmoja mtaratibu, hataki njiwa hata kidogo: anasema kwenye siasa ukimwita mtu njiwa umemwambia hana meno, na chama hakitaki kuonekana legelege. Mjumbe wa nne hana shida na mchoro, yeye anataka siku ya uzinduzi wanunuliwe njiwa weupe wa kweli warushwe, "watarudi wenyewe."

Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi. Njiwa na hua ni ndege wawili au majina mawili? Amani iliingiaje kwa huyu ndege? Mdomoni anashika jani au tawi, maana nimeona picha nyingine ana tawi zima na zeituni zake? Na hao wa kurushwa, kweli wanarudi? Tarehe ya kukabidhi kazi inanikaribia.

KambiPopote:

Chora kunguru. Kwa Nuhu ndiye aliyetangulia kutumwa, na mpaka leo hakuna aliyemweka kwenye nembo ya amani. Ngoja waje wataalamu, mimi nimeshakaa mkao wa kusoma.

Mfuga_Njiwa:

Mleta mada, umefika. Nimefuga njiwa tangu utotoni, kwa hiyo nitajibu kutokea bandani. Ya vitabuni watakuja wenyewe.

Katibu wenu ana haki nusu. Njiwa, hua, tetere, pugi, ninga, wote ukoo mmoja, na ukoo wenyewe ni mkubwa, zaidi ya aina 300 duniani. Kuna vidogo vinavyotosha kiganjani, na kuna yule njiwa wa New Guinea mwenye kishungi kichwani anayefika kilo 2. Dodo wa Mauritius, yule asiyeruka aliyetoweka karne ya 17, naye alikuwa wa ukoo huuhuu. Hakuna mpaka wa kitaalamu unaosema hapa njiwa wameisha, hapa hua wanaanza. Watu walitazama umbo: mnene wakamwita njiwa, mwembamba mdogo wakamwita hua au tetere. Basi. Ninga ndio wale wa kijani wanaokula matunda, unaweza kusimama chini ya mti wamejaa tele na usimwone hata mmoja mpaka waruke.

Wale wa kufugwa, awe wa kijivu, mweupe, mwenye mkia wa kupepea au mwenye manyoya miguuni, wote baba yao ni mmoja, njiwa wa mwituni anayetaga kwenye mapango na magenge ya mawe. Ndiyo maana anapenda ghorofa na madaraja: hapo kwake ni gengeni. Charles Darwin alifuga njiwa, akajiunga na vyama vya wafugaji London, na alipochapisha hoja yake ya mageuzi mwaka 1859 sura ya kwanza kabisa aliwapa njiwa nafasi kubwa. Alitaka watu waone jinsi mkono wa mfugaji unavyoweza kutoa maumbo mengi hivyo kwa ndege mmoja.

Sasa nije kwa mjumbe wa nne, maana huyu ndiye atakayeua ndege. Madukani kuna weupe wa aina mbili na muuzaji hatakwambia. Wa kwanza ni njiwa wa mbio aliyezalishwa akawa mweupe. Huyo ana banda lake, amefundishwa, ukimrusha anapanda juu, anazunguka mara mbili tatu, kisha anashika njia. Anarudi, ila anarudi kwa mfugaji wake, si kwenu. Wa pili ni hua wa kufugwa, mdogo, shingo nyembamba, yule anayetolewa kwenye kofia na watu wa mazingaombwe. Huyu kazaliwa tunduni, mama yake kazaliwa tunduni. Hajui nyumbani ni wapi, hajui mwewe ni nani, hajui punje inatafutwaje. Mkimrusha mmemuua, tofauti ni kwamba hamtakuwepo kumwona akifa. Kama lazima warushwe, mtafuteni mfugaji wa njiwa wa mbio aje na wake, awarushe mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, na ndani ya umbali ambao wamezoea. Akikubali kukuuzia uondoke nao, jua amekupa wasio sahihi.

Na hata wakiwa sahihi, sherehe haina dhamana. Seoul mwaka 1988, ufunguzi wa Olimpiki, njiwa walirushwa, baadhi wakaenda kutua kwenye ukingo wa bakuli la mwenge. Mwenge ukawashwa wakiwa wamekaa palepale. Dunia nzima inatazama ndege wa amani wanaungua. Baadaye michezo ikahamia njiwa wa mfano. Vatican nako, Januari 2014, watoto wawili wakiwa dirishani na Papa Francis walirusha njiwa weupe wawili, na hapohapo shakwe na kunguru wakawavamia. Weupe ni mzuri kwenye picha, angani ni tangazo kwa kila mwenye kucha.

Hapo kwenye kurudi kuna jambo nalisema kila siku na watu hawaniamini. Nyimbo za mapenzi zimejaa njiwa anayetumwa apeleke salamu kwa mpenzi wa mbali. Njiwa hapeleki popote. Anajua safari moja tu, ya kwao. Ukitaka akupelekee barua kwa mpenzi, mpenzi huyo lazima awe ndiye anayemfuga, wewe umbebe kwenye kikapu uondoke naye, kisha umfungue ukiwa huko ulikokwenda. Paul Julius Reuter, mwenye lile shirika la habari, mwaka 1850 alitumia njiwa kati ya Aachen na Brussels kwa sababu waya wa telegrafu, ile simu ya maandishi, ulikuwa haujaunganisha miji hiyo miwili, na njiwa wake ilibidi wasafirishwe kwanza kwa njia ya kawaida ndipo waruke kurudi na bei za masoko. Paris ilipozingirwa na Waprusi 1870 hadi 1871, njiwa walitolewa mjini kwa maputo, wakarudi na barua zilizopigwa picha ndogo kiasi kwamba ndege mmoja alibeba maelfu. Zilipofika zilikuzwa ukutani kwa taa, makarani wakakaa kunakili.

Anajuaje njia? Anasoma jua, anahisi sumaku ya dunia, ananusa, na akikaribia kwao hufuata barabara na mito. Njiwa wangu mmoja wa zamani alikuwa na desturi ya kufuata reli mpaka kwenye daraja, ndipo anakata kona. Unaweza kumlaumu kwa uvivu, lakini hakuwahi kupotea.

Mweka hazina naye simpuuzi. Njiwa akishapata mwenzake hukaa naye. Ile unayoona wanabusiana, jike anatia mdomo wake ndani ya mdomo wa dume na dume anamlisha, ndiyo posa yenyewe. Mayai mawili. Dume anaatamia tangu asubuhi ikichangamka mpaka alasiri, jike anashika zamu mpaka kesho yake. Nimekaa nikitazama hiyo zamu ikibadilishwa: anayepokea anasimama pembeni, anasukuma kwa kifua polepole, na anayeatamia mara nyingine hataki kabisa kutoka. Siku kama 18 hivi makinda yanatoka, macho yamefumba, mwilini vinywele vya manjano. Chakula chao cha kwanza kinatoka kwenye gole la wazazi, kitu cheupe kinachomeguka kama jibini laini. Ndiyo, maziwa ya njiwa yapo, na dume anayo sawasawa na jike. Yanaletwa na prolaktini, homoni ileile ya mama anayenyonyesha, na watafiti walioipa jina hilo mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wakifanya kazi na njiwa. Kwa chama cha familia, hapo mngekuwa na nembo: baba na mama wote wananyonyesha.

Kuhusu upole sisemi sasa, nitawaacha wa siasa waanze ndipo nirudi.

Dada_Mzeituni:

Ahsante mzee Mfuga, nimejifunza. Kaka MkonoWaWino, mimi nitashika upande wa maandiko, maana katibu ametaja Biblia.

Amesoma sawa, ila hakusoma kote. Katika Biblia ya Union, Nuhu anamtuma njiwa, lakini Yesu anapobatizwa Roho anashuka kama hua, na wanafunzi wanaambiwa wawe wapole kama hua. Msomaji anadhani ni ndege wawili. Kwenye Kiyunani neno ni lilelile mahali pote hapo, peristera. Mahali ambapo ndege wawili wanatengwa kwa kweli ni kwenye sheria ya sadaka: mama aliyejifungua na hana uwezo wa mwanakondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na hiyo ndiyo sadaka Luka anasema ililetwa na wazazi wa Yesu. Kwa hiyo kabla huyu ndege hajawa wa mashirika makubwa, alikuwa sadaka ya fukara. Mimi hiyo naipenda kuliko ya amani.

Na amani yenyewe, ukisoma Mwanzo sura ya 8 taratibu, haimo. Nuhu anatuma kunguru (KambiPopote, uko sahihi), kunguru anazunguka-zunguka. Anatuma njiwa, hakupata pa kutua, anarudi, Nuhu ananyoosha mkono anamwingiza safinani. Siku saba, anamtuma tena, jioni anarudi na jani bichi la mzeituni. Siku saba nyingine, anamtuma, harudi. Hiyo ni taarifa ya maji tu. Kuna ardhi imekauka, mti umechipua. Na ule wa tatu, asiyerudi, ndio ujumbe mzito kuliko jani, ila nani atachora ndege ambaye hayupo?

Kisa cha namna hiyo kimo pia kwenye Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia, na huko mpangilio ni mwingine: njiwa kwanza, kisha mbayuwayu, kunguru mwisho, na kunguru ndiye asiyerudi. Yaani huko aliyeleta habari njema ni kunguru. Bahati mbaya kwake haikusomwa sana.

Amani ilitoka kwenye mti. Wagiriki na Warumi walishika tawi la mzeituni kuomba suluhu, na mungu wao wa amani walimchora analo. Wakristo wa kwanza wa Roma walipochora makaburini kwao njiwa mwenye mzeituni na kuandika neno amani kando ya marehemu, vitu viwili vikakutana. Na swali lako la jani au tawi linajibika: Kiebrania ni jani. Ilipotafsiriwa Kilatini ile Biblia iliyotumika Ulaya karne nyingi, jani likaandikwa tawi lenye majani mabichi. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wanasoma hiyo. Wewe chora unachotaka, ila mtu akikuuliza kwa nini jani moja, unalo jibu.

Moja la mwisho. Yona, yule wa samaki, jina lake ni njiwa kwa Kiebrania. Katumwa mashariki, kakimbilia magharibi. Mzee Mfuga atasema huyo hakuwa wa mbio.

Mfuga_Njiwa:

Huyo ningemrudisha kwa muuzaji.

AbuHamam:

Niongeze kidogo upande wetu. Kisa cha Nuhu katika Qurani kipo, safina inatua juu ya Judi, lakini njiwa hatajwi. Njiwa wetu ni wa pango la Thawr: Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr wamejificha wakati wa Hijra, buibui akatanda mlangoni na njiwa wawili wakatengeneza kiota, waliowafuatia wakaona hapa hajaingia mtu. Wanazuoni wengi wa hadithi wameidhoofisha sanad (mlolongo wa wapokezi) ya habari ya njiwa, na ni vizuri kulisema. Lakini njiwa wa Makka wana heshima yao kwa sababu isiyo na shaka: ndani ya Haram hakuna kuwinda, na anayeua njiwa wa Haram analipa fidia. Ukiwaona wanavyotembea kati ya miguu ya watu bila haraka utaelewa kwamba wamezoea kutoguswa.

Na kwenye nyota wapo. Chini ya Orioni kuna Sungura, na chini ya Sungura kuna kundi la Njiwa, lililowekwa kwenye ramani na Mholanzi Petrus Plancius mwaka 1592, akimaanisha njiwa wa Nuhu. Nyota yake angavu kuliko zote inaitwa Phact, na hilo ni letu, linatoka kwenye neno la Kiarabu faakhita, aina ya hua.

Riba_na_Vita:

Mwenyekiti nampa pole, ila anachosema kipo. Huko Marekani wapenda vita waliitwa mwewe tangu mabishano ya vita ya 1812. Njiwa wakaja kukaa rasmi upande wa pili mwaka 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba, pale washauri wa Rais Kennedy walipogawanyika kati ya wa kushambulia na wa kuzungumza. Vita vya Vietnam vikayaeneza maneno hayo kila mahali. Nikumbushe tu kwamba mwaka 1962 dunia ilibaki mzima kwa sababu walizungumza. Hilo mwambie mzee.

Siku hizi utayasikia zaidi kwenye benki kuu kuliko jeshini. Gavana mwewe ni yule anayeogopa mfumuko wa bei, anataka riba ipande. Gavana njiwa anaogopa watu kukosa ajira, anataka riba ishuke au isubiri. Mtu mmoja anaweza kuwa njiwa mwaka huu na mwewe mwaka ujao, bei ndizo zinamgeuza.

Kuna na hesabu yake, na mimi ndiyo naipenda. John Maynard Smith, Mwingereza wa biolojia, miaka ya 1970 alifikiria kundi la wanyama wanaogombea kitu. Wengine wanapigana hadi mwisho, aliwaita mwewe. Wengine wanajitutumua, wakiona mwenzao anaanza kupiga kweli wanaondoka, hao njiwa. Wakiwa njiwa watupu, mwewe mmoja akiingia anachukua kila kitu. Wakiwa mwewe watupu, wanaumizana mpaka njiwa anayekimbia anakuwa na hali nzuri kuliko wao. Kama jeraha lina gharama kuliko kitu chenyewe, kundi linatulia likiwa na mchanganyiko. Kitu kikiwa na thamani ya 2 na jeraha likagharimu 4, nusu watakuwa mwewe, nusu njiwa. Hakuna aliyekuwa mjinga wala legelege, ni hesabu tu. Nembo ya mwenyekiti labda iwe mwewe na njiwa nusu kwa nusu.

Mfuga_Njiwa:

Nilikuwa nasubiri hapa. Huyo Mwingereza hesabu zake sizibishii, ila jina kampa ndege asiyestahili. Njiwa anapigana jamani. Waweke madume wawili na shimo moja la kutagia, utaona. Wanapigana kwa mabawa, wanashikana kwa mdomo juu ya jicho, wanasukumana mpaka mmoja adondoke kutoka ubaoni, na akipanda tena yanaanza upya. Kinda la jirani likijipenyeza kiota kisicho chake linadonolewa kichwani mpaka ngozi itoke. Kila mfugaji ameshamwokota mmoja.

Konrad Lorenz, yule Mwaustria aliyepata Nobel mwaka 1973 kwa kutazama tabia za wanyama, aliwaweka hua wawili wa aina mbili, dume na jike, kwenye tundu moja akitaka wazae chotara. Aliporudi alikuta dume amelala chini, kichwa, shingo na mgongo vimechunwa manyoya na ngozi, na jike amesimama juu yake anaendelea kudonoa. Maelezo yake ni kwamba mnyama mwenye silaha kali, kama mbwa mwitu, huwa na breki ya kumwacha aliyeshindwa. Hua hana kwa sababu porini aliyeshindwa huruka akaenda zake. Tatizo lilikuwa tundu.

Na vitani ametumika kuliko ndege yeyote. Medali ya Dickin ya Uingereza, ya wanyama waliotumikia vita, ilipewa wanyama 54 kati ya 1943 na 1949, na 32 kati yao walikuwa njiwa. Cher Ami, wa jeshi la Marekani huko Ufaransa Oktoba 1918, alifika bandani kapigwa risasi kifuani, mguu unaning'inia, na karatasi ya ujumbe wa askari waliozingirwa bado ipo. Leo amekaushwa, yuko makumbusho ya Smithsonian, kasimama kwa mguu mmoja. Mwambieni mwenyekiti akamtazame kabla ya kusema legelege.

MkonoWaWino:

Wazee wangu, dada yangu, sina la kusema. Nimemsomea mwenyekiti ya Cher Ami kwa simu, akanyamaza kidogo akasema "endelea na njiwa." Katibu bado analalamika. Swali langu la kichoraji: huyu ndege mweupe mmoja tunayemwona kwenye mabango yote alianzia kwa nani? Nataka nisiishie kunakili.

Kalamu_Butu:

Kwa Picasso, kaka. Aprili 1949 kulikuwa na kongamano la amani la dunia Paris, na mshairi Louis Aragon akachagua kwa ajili ya bango lake picha ya njiwa ambayo Picasso alikuwa ameichapa Januari ya mwaka huohuo. Itafute uitazame vizuri, itakushangaza. Haruki. Amesimama. Mdomoni hana chochote. Nyuma ni giza tupu na yeye ametokea kwa weupe laini, na miguuni ana manyoya mengi, maana aliyechorwa alikuwa njiwa wa kufugwa wa aina ya Milano ambaye mchoraji mwenzake Henri Matisse alimzawadia. Baba yake Picasso mwenyewe alikuwa mchoraji aliyependa sana kuchora njiwa, kwa hiyo mtoto alikua akiwaona. Siku hizohizo za kongamano akazaliwa binti yake, akamwita Paloma, njiwa kwa Kihispania. Yule wa mstari mmoja anayeruka na jani alimchora baadaye, na huyo ndiye kila mtu anamwiga.

Halafu kuna kitu kinanichekesha. Mwaka 1995 watafiti wa Japani walifundisha njiwa kutofautisha michoro ya Monet na ya Picasso, na njiwa wakafaulu hata kwa michoro ambayo hawajawahi kuiona. Kwa hiyo ukimnakili Picasso jua kuna ndege watakaokugundua.

Ushauri wangu: mchore amesimama. Wa kuruka wamejaa. Weka jani moja la Dada_Mzeituni, jembamba, refu, upande mmoja kijani iliyoiva na upande wa chini fedha, maana jani la mzeituni ndivyo lilivyo, na wengi wanachora jani la mwembe wakidhani yote sawa. Mmoja anatosha. Mweka hazina mwambie mwenzake yuko kwenye mayai, zamu yake haijaisha.

MkonoWaWino:

Hiyo ya zamu naichukua kama ilivyo. Mzee Mfuga, nikimsimamisha ina maana miguu na jicho vitaonekana. Manyoya miguuni sitaki, nitaonekana nimemwiba Picasso. Njiwa mweupe wa mbio miguu yake rangi gani? Na jicho ni lile jekundu?

Mfuga_Njiwa:

Miguu myekundu, nyekundu ya kweli, usiipake waridi. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, kucha nyeupe. Jicho la rangi ya chungwa ni la wa kijivu. Weupe kabisa wengi wana jicho jeusi, na hapo wachoraji wengi ndipo wanapoanguka. Juu ya mdomo, pale unapoanzia, weka kile kinundu cheupe cha ngozi, kidogo kwa kijana, kikubwa kwa mzee. Chako kifanye kikubwa kiasi. Na mrushaji wenu mwambie aniandikie pembeni, kuna wafugaji wa mbio nawajua nitamuunganisha nao.